Pembe Hazijui Shikamoo

Habari ya ajali ilimkuta Lusungu Mlowe akiwa amelala chini ya gari la mafunzo, anatafuta skrubu iliyodondoka. Aliyeileta ni mlinzi wa geti, na hakuileta kwa utaratibu. Alisema tu kwamba Obadia, yule dereva wa ushirika wa parachichi, amemgonga mama mkwe wake mwenyewe barabara ya Lupembe, mchana kweupe, na kwamba gari halikuwa na hitilafu hata moja. Lusungu alijigonga kichwa kwenye bampa. Alikaa pale pale kwenye changarawe, akamwomba mlinzi arudie. Mlinzi akarudia, na maneno yakawa yale yale.

Obadia Mgaya alikuwa mwanafunzi wake. Yeye ndiye aliyemfundisha kuendesha kwa pembe, yeye ndiye aliyemtahini, na saini iliyo kwenye cheti cha Obadia ilikuwa ya kwake.

Hakubadili hata ovaroli. Alipanda gari lile lile la mafunzo, akakamata pembe mbili zilizosimama mbele yake, moja kwa kila mkono. Wazee wa Njombe, siku walipoliona gari la kwanza la namna hii, waliuliza nani kang'oa usukani, na vijana wakaanza kuuita udereva kuchunga ng'ombe. Hapakuwa na duara wala kitu cha kuzungusha. Ukitaka kwenda kushoto unabana pembe ya kushoto na kuilaza kidogo. Ukitaka kulia, hivyo hivyo. Lusungu alibana, gari likatoka getini bila sauti.

Njia nzima mkono wake wa kulia haukubanduka. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyokuwa akiwaimbia wanafunzi mpaka wanaiota: kushoto ni mkono wa kazi, kulia ni mkono wa uhai. Mkono wa kushoto unaweza kuachia pembe, ukagusa skrini, ukajikuna pua. Wa kulia unakaa. Pembe ya kulia inasikiliza mapigo ya moyo kupitia kiganja, na kiganja kikiondoka kwa robo tatu ya sekunde, gari linaamini dereva kasinzia au kafa. Halimuulizi. Linachukua njia lenyewe, linakata kushoto, linatoka barabarani na kusimama.

Karibu na daraja mzee mmoja mwenye koti la mvua alimwinulia mkono. Lusungu alitikisa kichwa kama mjusi, akapita. Mzee alibaki na mkono wake hewani, na kwenye kioo Lusungu alimwona akimsindikiza kwa macho ya mtu aliyetukanwa. Miaka miwili sasa alikuwa akitikisa kichwa hivyo, na kila mara aliona haya kama siku ya kwanza.

Alipofika mahali penyewe, kitu cha kwanza kilichomshtua ni jinsi kirikuu cha ushirika, kile kigari cha mizigo, kilivyoegeshwa vizuri. Kilikuwa kimesimama pembeni kabisa, sambamba na barabara, matairi yamenyooka, taa za hadhari zinawaka. Mwanafunzi akiegesha hivyo unampa alama zote. Chini yake kulikuwa na viazi vilivyopondeka, ndara moja ya kike, na damu iliyoanza kukauka juu ya majani. Bi Yudita Mwalongo, mama mkwe wa Obadia, alikuwa ameshakimbizwa hospitali, na Obadia alikuwa ameshachukuliwa na polisi. Ndani ya gari tupu sauti ya kike, laini, ilikuwa bado inarudia maneno yake kwa siti isiyo na mtu: "Pole, dereva. Uko salama. Msaada unakuja."

Lusungu aliingiza mkono dirishani akaizima. Alikosea kitufe mara mbili kabla ya kukipata. Kisha alisimama akitazama magunia ya viazi yaliyopangwa kando ya barabara kungoja wanunuzi, yamejazwa lumbesa, kila moja limevimba kichwa na kufunikwa kwa kitambaa. Aliyahesabu bila sababu, kwa vile tu hakujua afanye nini na macho yake. Yalikuwa sita.

*

Mhandisi wa kampuni iliyounda pembe alifika kesho yake kutoka Dodoma. Aliitwa Rweyongeza, kijana mpole mwenye miwani, si mtu wa kiburi hata kidogo, na hilo lilimtia Lusungu uchungu zaidi, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kugombana na mtu mbaya. Walikaa kwenye ofisi ya kituo cha mafunzo, wakafungua kumbukumbu za pembe.

Pembe huandika kila kitu. Kwenye skrini mikono ya Obadia ilionekana kama vivuli viwili vyenye rangi: mahali alipobana sana palikuwa pekundu, alipolegeza palikuwa pa buluu. Rweyongeza alirudisha muda taratibu. Kirikuu kinakuja, mwendo wa sitini. Mikono yote miwili ipo, imetulia, moyo unapiga vizuri. Ghafla kivuli cha kulia kinatoweka. Cha kushoto kinabaki kimebana sawasawa. Sekunde moja nukta mbili, kisha cha kulia kinarudi kwa nguvu, chekundu chote, lakini gari lilikuwa limeshachukua njia.

"Hakusinzia," Rweyongeza alisema. "Mtu akisinzia mikono yote inalegea. Huyu alitoa mmoja kwa hiari yake. Mara nyingi inakuwa simu."

Lusungu aliuliza kama jicho la gari halikumwona mwanamke. Linapotoka barabarani huchagua mahali pasipo na mtu; yeye mwenyewe ndivyo alivyowafundisha watu, na ndivyo alivyoamini.

"Liliona," alisema mhandisi, akamgeuzia skrini. "Liliona magunia saba ya viazi."

Lusungu aliangalia. Magunia saba yamezungushiwa mistari ya kijani, na juu ya kila moja neno moja: mzigo. La mwisho lilikuwa limechuchumaa kidogo kuliko mengine, limefunikwa kitenge mpaka kichwani. Alikumbuka hesabu yake ya jana: sita. Ilimbidi atoke nje, ashike ukuta, apumue.

Alijua kwa nini mama yule alijifunika. Kila mtu wa kwao angejua. Mama mkwe akimwona mkwewe anakuja, hutazama pembeni, huvuta kitenge kichwani, hujishusha, ndiyo adabu. Na mkwe naye hamsogelei wala hampi mkono. Humsalimu kwa mbali, kwa kuinua mkono, na mkono unaoinuliwa unajulikana. Wa kushoto ni wa kuchambia. Mtoto wa miaka mitatu akikupokea kitu kwa kushoto, unamzaba kibao cha mapenzi na unamwambia abadilishe.

Aliporudi ndani, Rweyongeza alikuwa ametandaza fomu mezani. Palikuwa na swali moja tu lililohitaji jibu la mtahini mbele ya tume ya uchunguzi Alhamisi ya wiki ijayo: je, dereva alifanya Jaribio la Mzee na kufaulu? Kama ndiyo, kosa ni la dereva. Kama hapana, mhandisi alisema kwa upole, basi itabidi waulizwe wengine.

Lusungu alisema atajibu hiyo hiyo Alhamisi. Mhandisi alipoondoka, alichukua funguo akaenda stoo.

Sanamu la jaribio lilikuwa pale, nyuma ya matairi, limevaa koti na kofia, limejaa vumbi. Wanafunzi walikuwa wakiliita Babu. Katika jaribio lile mwanafunzi anaendesha uwanjani, Babu anachomoza nyuma ya pipa, spika inasalimu, "Kamwene, mwanangu," na mwanafunzi anatakiwa asiinue mkono wa kulia. Kundi la kwanza walikuwa kumi na wanane. Kumi na saba waliinua. Wa kumi na nane hakuinua kwa sababu mkono wake ulikuwa na bandeji. Wakarudia, wakaanguka tena. Kuna waliojikaza mpaka jasho likawatoka, wakafaulu, halafu wakashuka garini na kwenda kumwomba Babu radhi, kwa heshima zote, na sanamu la matambara likawatazama.

Obadia alianguka mara tatu. Ushirika ulikuwa unamngoja dereva, parachichi zinaoza, na wakubwa wa Lusungu walikuwa wanampigia simu kila asubuhi kuuliza kwa nini kituo chake hakitoi vyeti kama vingine. Basi siku moja alimfungia Babu stoo. Tangu hapo alijaza mwenyewe, amefaulu, amefaulu, amefaulu. Watu sitini na mmoja. Alijiambia kwamba watazoea, na kweli hakuna aliyepata ajali, mpaka jana.

*

Jumatano ya wiki iliyofuata alikwenda mahabusu. Obadia aliletwa akiwa amevaa shati lile lile la siku ya ajali. Alikuwa na miaka ishirini na minane, na kwa siku hizo chache alikuwa amezeeka. Hata hivyo jambo la kwanza alilofanya ni kuinama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Obadia. Wamekupa chakula?"

Alisema wamempa. Alimuuliza hali ya mama, na Lusungu alikiri kwamba hajathubutu kwenda hospitali, ila amesikia yu hai na anaongea. Obadia alifumba macho, akashukuru kwa midomo tu. Kisha akasema, bila kuulizwa, kwamba ameshaandika maelezo yake. Amekiri kwamba alikuwa na simu mkononi.

Lusungu alidhani hakusikia vizuri. Alimuuliza simu gani, na Obadia akajibu kwamba simu yoyote. Kampuni imesema simu, naye amekubali.

"Ulikuwa unamsalimia mama," alisema Lusungu.

"Nilikuwa namsalimia mama." Alisema taratibu, akichungulia kama askari yuko mbali. "Lakini yeye hakuona. Alishajifunika. Hajui kama niliinua mkono. Akija kujua, Mwalimu, atakaa na jambo hilo mpaka kaburini, kwamba kilichomponda ni heshima yake mwenyewe. Bora anione mimi mpumbavu wa simu."

"Utafungwa."

"Miaka mitatu, wakili kasema. Mitatu inaisha."

Lusungu akasema neno la kipuuzi, ambalo alilijutia kabla halijamaliza kutoka. Alimwambia angeinua mkono wa kushoto. Obadia alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo sokoni.

"Mama mkwe, Mwalimu? Kushoto?"

Kisha Obadia alimwomba jambo moja: kesho wakimuuliza, aseme alimfundisha na alifaulu. Basi, asiongeze kitu. Na hapo ndipo Lusungu alipojiogopa, kwa kuwa alihisi moyo wake unapoa. Ombi lilikuwa tamu. Kunyamaza kungekuwa hisani kwa mgonjwa, kutimiza neno la mfungwa, na papo hapo kungemwachia kazi yake, nyumba ya kituo, na jina lake. Wapi umeona dhambi inayokuja imebeba baraka za kila mtu? Hakumwahidi kitu, lakini hakukataa pia, na Obadia alichukua kimya chake kuwa ndiyo. Alimshukuru. Shukrani hiyo Lusungu alirudi nayo nyumbani.

*

Tume ilikaa kwenye ukumbi wa ushirika. Mwenyekiti, Bi Gaudensia Haule, alikuwa mwanamke wa maneno machache aliyeandika kwa kalamu ya wino wakati wenzake wote wanabonyeza skrini. Obadia alikaa mbele, pingu mikononi, kati ya askari wawili. Kabla hawajaanza mlango wa pembeni ulifunguliwa, akaingia Bi Yudita Mwalongo, anaongozwa na binti yake, mke wa Obadia. Hakuna aliyetarajia. Alikuwa mdogo kuliko Lusungu alivyomkumbuka, amejifunika kitenge kizito kuanzia shingoni mpaka magotini, anatembea polepole lakini kwa miguu yake mwenyewe. Ukumbi mzima ulisimama. Obadia aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa pingu.

Rweyongeza aliongea kwanza. Alionyesha vivuli vya mikono, alionyesha magunia saba, na hakuficha kwamba moja lilikuwa mtu. Watu waliguna. Alisema jicho litarekebishwa. Ila pembe haiwezi kuguswa: ukiipa subira ya sekunde mbili ili watu wapungiane mikono, lori ambalo dereva wake kasinzia litakuwa limekwenda zaidi ya mita thelathini kwenye ukungu. Mwaka huu peke yake madereva mia tatu na kumi walilala kwenye pembe na wakaamka wakiwa wameegeshwa salama pembeni.

"Ni rahisi kubadili mkono kuliko kubadili pembe," alimaliza. Hakusema kwa dharau. Aliamini, na Lusungu, aliyewahi kuona lori la zamani la usukani likitumbukia bondeni na dereva wake amelala, hakuweza kumwita mwongo.

Wakamwita yeye. Mwenyekiti alisoma swali kutoka kwenye fomu, akanyanyua kalamu, akangoja.

Lusungu alitazama mbele na macho yake yakakutana na ya Obadia. Yalikuwa yanamsihi. Neno "ndiyo" lilikuwa tayari ulimini, dogo, jepesi. Alifungua kinywa, akasikia sauti yake mwenyewe inasema kitu kingine.

"Hapana. Hakufaulu. Alianguka mara tatu, nikamwandikia amefaulu. Nimewaandikia watu sitini na mmoja. Sanamu la mzee nimelifungia stoo."

Kalamu ya mwenyekiti haikugusa karatasi. Mmoja wa wajumbe alimuuliza kama anafahamu anachokisema, naye akajibu kwamba anafahamu. Alieleza juu ya wale kumi na saba. Alieleza juu ya waliomwomba radhi Babu, na hakuna aliyecheka.

"Na hakuwa na simu," aliongeza. "Alikuwa anamsalimia mama mkwe wake."

Obadia alitoa sauti kama mtu aliyechomwa. Nyuma kule watu walianza kuinuka, wengine kugombeza, wengine kuuliza jirani kasema nini, mpaka mwenyekiti akagonga meza. Lusungu hakugeuka. Aliogopa kuona uso wa Bi Yudita kuliko alivyoogopa kufungwa.

Uamuzi haukuchukua muda mrefu. Mashtaka ya Obadia yalirudishwa kuangaliwa upya, naye aachiwe kwa dhamana. Vyeti sitini na kimoja vilisimamishwa siku hiyo hiyo, na hiyo ina maana kwamba magari ya ushirika, ya shule na ya wagonjwa yalikuwa hayana madereva kuanzia saa ile. Muhuri wa Lusungu uchukuliwe, na jalada lake lipelekwe mbele. Aliutoa muhuri mfukoni mwa koti akauweka mezani. Baadhi ya watu waliokuwa wakimwita Mwalimu asubuhi walimpita mlangoni bila neno.

Alikuwa karibu na ngazi alipoona kitenge kizito kimesimama mbele yake. Bi Yudita alikuwa amemwacha binti yake nyuma, amekuja peke yake. Hapakuwa na pa kukimbilia. Lusungu alikunja magoti kama alivyolelewa, akanyoosha mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

Kitenge kilifunguka kidogo upande mmoja, ukatoka mkono wa kushoto. Upande wa kulia kilining'inia tu, kimelala bapa tangu begani, na ndani yake hapakuwa na kitu.

"Utanisamehe, mwanangu," alisema Bi Yudita. "Ni kushoto."

Mkono wa kulia wa Lusungu ulikuwa bado hewani, wazi, mzima, naye aliuonea aibu kuliko kitu chochote alichowahi kuwa nacho mwilini. Aliushusha. Akatoa wa kushoto, kwa mara ya kwanza maishani mwake mbele ya mtu mzima, na yule mama akaushika, akaubana, hakuuachia.

"Kumbe alinisalimia," alisema Bi Yudita. "Siku zote hizi nimelala pale najiuliza nimemkosea nini mkwe wangu, hata anipite namna ile kama gunia."

Kisha aligeuka, ada ya wakwe akaiacha pale pale sakafuni. Alimtafuta Obadia kule mwisho wa ukumbi, ambako askari walikuwa wanamfungua pingu, akamtazama moja kwa moja usoni, akainua mkono wake wa kushoto juu, watu wote wakiona. Obadia alitazama mikono yake miwili na hakujua ainue upi.